Diplomacy: kufungua mchezo mwaka 1901 na kujenga muungano unaobeba uzito

MwanaMeza (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wanaocheza Diplomacy, mchezo wa Allan Calhamer uliotoka 1959. Wachezaji saba, ramani ya Ulaya, hakuna dadu wala karata. Kila mtu anaandika amri zake kwa siri, kisha zinasomwa zote kwa pamoja. Vituo vya ugavi, yaani maeneo ambayo kila kimoja kinakupa haki ya kikosi kimoja, ni 34, anayefikisha 18 ameshinda. Urusi anaanza na vikosi vinne, wengine vitatu vitatu, na vituo 12 vinaanza bila mwenyewe.

Nataka tujadili mwaka wa kwanza tu, Machipuko na Vuli 1901, maana hapo ndipo miungano mingi inafungwa au inakufa. Msimamo wangu ni kwamba ukikaa na jirani, mzungumze amri. "Tuwe marafiki" ni maneno matupu, kwa sababu hakuna amri itakayoonyesha kama ameyavunja. "Mimi siingii Galicia, na wewe huingii, Machipuko na Vuli" ni jambo jingine kabisa: amri zikishasomwa, meza nzima inajua nani alitimiza.

Kabla ya kuinuka kwenye mazungumzo hakikisha mmekubaliana maeneo yapi hayakanyagwi na mtu, kila kituo cha jirani kinaenda kwa nani, na nani anamsaidia nani kukiingia. Halafu kuna jambo wengi wanalisahau: majira ya baridi kila mmoja atajenga nini, na wapi. Miungano mingi mizuri huvunjwa na manowari moja iliyojengwa pasipotarajiwa, bila shambulio lolote.

Kwenye uzi huu J ni jeshi na M ni manowari. "J Paris–Burgundy" maana yake jeshi la Paris linahamia Burgundy. Kila kikosi kina nguvu 1, na kikosi kingine kikikisaidia inakuwa 2; anayesaidia akishambuliwa, msaada wake unakatwa. Wawili wakienda eneo moja kwa nguvu sawa wanagongana, na kila mmoja anabaki alipokuwa. Kuvusha ni manowari kulipitisha jeshi baharini. Karibuni.

Kijana_wa_Kiel

Shukrani mkuu. Naomba tuanze na Austria. Kila meza naona yeye ndiye wa kwanza kufutwa. Je, kuna ufunguzi wa kumwokoa, au ni bahati ya majirani tu?

Bi_Shamsa

Ufunguzi upo, ila hausimami bila mazungumzo na Italia. Tazama ramani: Trieste na Venice zinapakana. Hakuna mahali pengine kwenye ramani ambapo vituo vya nyumbani (vile taifa linavyoanza navyo) vya mataifa mawili vinagusana hivyo. Kwa hiyo Austria azungumze na Italia kabla hajamtafuta mtu mwingine yeyote.

Ufunguzi unaotumika zaidi ni wa kuelekea Balkani:

Machipuko 1901: J Budapest–Serbia, M Trieste–Albania, na J Vienna inachagua kwenda Budapest, Galicia au Trieste.

Vuli 1901: M Albania–Ugiriki, J Serbia inasaidia M Albania–Ugiriki.

Serbia na Ugiriki zinakufikisha vikosi vitano. Uzuri wake uko kwenye hesabu. Vuli hiyo Uturuki ana kikosi kimoja tu kinachoweza kuingilia, jeshi lake la Bulgaria. Likienda Ugiriki linakutana na nguvu 2 kwa 1 na linashindwa. Likishambulia Serbia linakata msaada wako, lakini hapo Ugiriki haina mtu, na manowari yako inaingia yenyewe. Hawezi kufanya yote mawili. Anayeweza kukuharibia ni Italia: manowari yake ikiwa Bahari ya Ionia iende Ugiriki wakati uleule Bulgaria inakata msaada, mtagongana na utabaki na Serbia peke yake. Ndiyo maana ahadi ya "Italia haendi Ugiriki Vuli" lazima itajwe kwa jina la eneo.

Sasa jeshi la Vienna. Galicia ni kwa ajili ya Urusi: mkikutana mnagongana, unabaki Vienna, hasara hakuna. Trieste ni kwa ajili ya Italia: akijaribu Venice–Trieste mnagongana, na Trieste inabaki yako. Budapest ni kwa mwenye imani na wote wawili, na imani hiyo mara nyingi inalipiwa.

MwanaMeza

Dada Shamsa kamaliza. Naongezea tu kile ambacho Austria wengi wanakosa pale Urusi anapofika Galicia Machipuko na wao walimpeleka J Vienna kwenda Budapest. Jeshi moja la Galicia linatishia Vienna na Budapest kwa pamoja, na wewe una jeshi moja la kulinda. Watu hubahatisha. Hakuna haja.

Andika J Budapest–Vienna na J Serbia–Budapest. Urusi akienda Vienna, anagongana na jeshi lako la Budapest, nalo linabaki pale pale, na la Serbia halisogei kwa kuwa Budapest ina mtu. Urusi akienda Budapest, jeshi lako linafika Vienna, na la Serbia linagongana naye Budapest na kubaki Serbia. Kwa njia zote mbili una vituo vyote vitatu vya nyumbani, na Serbia juu yake.

Amri hizo zina bei mbili. Ugiriki inakosa msaada. Na Urusi asiposogea kabisa, majeshi yako yote mawili yatahama na Serbia itabaki tupu, hutaihesabu Vuli hiyo. Vuli 1901 kikosi pekee cha Urusi kinachoweza kuwa Romania ni manowari, nayo haiwezi kusaidia Galicia–Budapest kwa kuwa Budapest haina bahari. Ila miaka inayofuata, akiwa na jeshi Romania nguvu zake ni 2 na ulinzi huu hautoshi, kwa hiyo angalia kwanza nani yuko pale.

Nahodha_Ionia

Nije upande wa Italia, maana mnamtaja kama mwizi wa Trieste tu. Italia anayechukua Trieste 1901 anapata kituo kimoja, halafu anabaki jirani na Urusi na Uturuki walionona kwa mabaki ya Austria. Ngao yake ya mashariki ameivunja mwenyewe.

Mpango bora wa Italia na Austria unaitwa Lepanto, umetumika tangu miaka ya 1970 na sifa zake hupewa Edi Birsan. Ratiba yake:

Machipuko 1901: M Naples–Bahari ya Ionia, J Rome–Apulia, J Venice inabaki.

Vuli 1901: M Bahari ya Ionia inavusha J Apulia–Tunis. J Venice inabaki.

Baridi 1901: jenga M Naples.

Machipuko 1902: M Bahari ya Ionia–Mediteranea ya Mashariki, M Naples–Bahari ya Ionia.

Vuli 1902: manowari zote mbili zinavusha J Tunis–Syria.

1903: J Syria–Smyrna, M Mediteranea ya Mashariki inasaidia.

Mnaona kwa nini Tunis inachukuliwa na jeshi? Ukipeleka manowari Tunis, unaiondoa Ionia, na mwaka wa pili unaanza kurudi ulikokuwa. Ukivusha jeshi, kituo unakipata, manowari haijasogea, na jeshi liko pwani tayari kuvushwa tena. Hiyo nafasi moja ya kusogea ndiyo inayobeba mpango mzima.

Wakati huo Austria anabana kutoka Ugiriki na Serbia kuelekea Bulgaria. Uturuki hana vikosi vya kulinda pande mbili.

Sasa yanayoharibika. La kwanza, Uturuki akijenga M Smyrna Baridi 1901 amesoma mpango. Machipuko 1902 atapeleka Smyrna–Mediteranea ya Mashariki, mtagongana, na manowari yako ya Naples nayo itakwama nyuma kwa kuwa Ionia haijaachwa. Usirudie amri ileile. Badili njia: M Ugiriki ya Austria iende Bahari ya Aegea, M Ionia yako isaidie. Ukiwa na Aegea, Smyrna na Constantinople zote zinaguswa na Uturuki lazima arudi nyumbani.

La pili, kuvusha kunavunjika manowari mojawapo ikitimuliwa. Kushambuliwa tu bila kutimuliwa hakuvunji kitu. Watu wengi huingiwa na hofu hapa na kughairi amri nzuri. Hesabu nguvu za adui kwanza: kama hawezi kufikisha 2 dhidi ya manowari yako isiyo na msaada, vusha.

La tatu ni J Venice. Linabaki nyumbani mwaka mzima, na Austria analiangalia kila siku. Mwambie mapema kwamba litabaki, na umwombe asiweke jeshi Trieste. Tyrolia isikanyagwe na yeyote. Mkishindwa kukubaliana Tyrolia, hamna Lepanto.

Mchora_Ramani

Naomba nipingane kidogo. Lepanto inamnenepesha Austria kuliko Italia. Vuli 1901 Austria ana vikosi vitano, Italia vinne. Kisha Bulgaria inakwenda kwa Austria kwa sababu ndiye aliye karibu nayo, na majeshi ya Italia yako Syria, mbali na nyumbani, wakati Austria anajenga Trieste na Vienna. Italia anakuwa amemlisha yule atakayemmaliza.

Nahodha_Ionia

Hoja ni ya kweli, na jibu lake liko kwenye mgawanyo wa mwanzo. Italia adai Smyrna na Ankara, Austria achukue Bulgaria na Constantinople. Italia akubali kuwa nyuma kituo kimoja 1901 kwa sharti kwamba Austria hajengi manowari. Hilo sharti la ujenzi ni kubwa kuliko vituo. M Trieste mpya haiwezi kumfanya kitu Urusi, na Uturuki iko mbali nayo. Inatazama Adriatiki tu. Siku Austria akiijenga, Italia rudisha M Ionia upande wa nyumbani msimu huohuo, usisubiri maelezo.

Kuna pia njia inayompa Italia jeshi ndani ya Balkani: Machipuko 1901 J Venice–Trieste kwa ridhaa ya Austria, ambaye M Trieste imekwenda Albania. Vuli, Austria anaondoka Serbia kwenda Ugiriki kwa msaada wa Albania, na Italia anapita Trieste–Serbia. Ukiitazama kwa nje inaonekana Italia amemvamia Austria, kwa hiyo Uturuki na Urusi hupoteza msimu mzima wakijipanga kula maiti ambayo haipo. Hatari yake iko wazi: Vuli Italia asipotoka Trieste, kituo ni chake. Austria asiikubali njia hii bila J Vienna kuwa na uwezo wa kurudi Trieste mwaka wa pili.

Bi_Shamsa

Kwa kuwa ujenzi umetajwa, huu ndio usomaji wake. Baridi ikifika angalia kilichojengwa na wapi, kabla hujasoma ujumbe wa mtu.

M Smyrna ya Uturuki inaelekea Italia, M Ankara inaelekea Urusi. Urusi akijenga manowari pwani ya kaskazini ya St Petersburg, Uingereza ajiandae. Ikiwa pwani ya kusini, ni Sweden na Ujerumani. Ufaransa akijenga M Brest anamtazama Uingereza, M Marseilles anamtazama Italia. Ujerumani kuongeza manowari Kiel baada ya Denmark ni habari mbaya London. Uingereza akijenga jeshi badala ya manowari, kuna mtu amempa ahadi ya kuvuka, ulizia ni pwani gani.

Kijana_wa_Kiel

Asante dada, hii nainakili. Vipi Urusi na Uturuki? Nasikia wakiungana mchezo umekwisha.

MwanaMeza

Haujakwisha, ila mashariki inakwenda kasi sana. Migongo yao iko kwenye kona, hakuna wa kuwapiga kwa nyuma, na wote wanasukuma upande mmoja.

Ufunguzi wao wa wazi, Machipuko 1901: Uturuki J Constantinople–Bulgaria, M Ankara–Constantinople, J Smyrna inabaki. Urusi M Sevastopol–Romania, J Moscow–Ukraine, J Warsaw–Galicia, M St Petersburg–Ghuba ya Bothnia. Bahari Nyeusi haina mtu, Armenia haina mtu. Vuli manowari ya Uturuki inatoka kwenda Aegea na Austria anakuwa na wageni pande mbili.

Ukifungua hivyo kila mtu anaona. Kwa hiyo wajuzi hupanga kugongana Bahari Nyeusi: M Sevastopol na M Ankara zote zinaamriwa kuingia, hakuna anayeingia, na meza inadhani ni maadui. Bei yake ni kwamba Uturuki amepoteza msimu mmoja wa manowari, itafika Constantinople Vuli na Aegea mwaka unaofuata. Urusi yeye haumii sana, Vuli anaingia Romania kutoka Sevastopol kwa msaada wa Ukraine.

Namna ya kuutambua ugomvi wa kupangwa: tazama J Smyrna. Uturuki mwenye ugomvi wa kweli na Urusi humpeleka Armenia, kwa sababu Armenia inagusa Sevastopol. Mgongano Bahari Nyeusi huku Smyrna imetulia unastahili kutiliwa shaka. Tazama pia J Moscow. Urusi anayemwogopa Uturuki hawezi kulipeleka St Petersburg na kuiacha Sevastopol peke yake.

Udhaifu wa muungano huu uko kwa Urusi. Uturuki anajenga manowari zinazopita magharibi, ila nyuma ya Urusi kuna Sevastopol, na Uturuki ndiye anayeweza kuigusa wakati wowote. Urusi mwenye busara anadai kwamba Uturuki asijenge M Ankara kamwe. Uturuki anayekataa sharti hilo amekwisha kukujibu.

Mchora_Ramani

Na anayepaswa kuzuia hayo yote kaskazini ni Ujerumani, kwa amri moja tu ambayo wachezaji wengi wa Ujerumani wanaitoa bure.

Vuli 1901 Urusi anataka M Ghuba ya Bothnia–Sweden. Ujerumani aliyepeleka M Kiel–Denmark Machipuko anaweza kuamuru M Denmark–Sweden. Wanagongana, Urusi anakosa kituo, na manowari ya Ujerumani inabaki Denmark na kuipata. Na kama Urusi hakwenda Sweden? Manowari inaingia Sweden, Ujerumani anahesabu Sweden badala ya Denmark. Kwa vyovyote ana kituo kimoja. Kumzuia Urusi hakumgharimu kitu.

Ndiyo maana Ujerumani asitoe ahadi ya Sweden kwenye ujumbe wa kwanza. Uingereza atakuja akiomba uzuie, Urusi atakuja akiomba usizuie. Waulize wote wawili watatoa nini. Kwa Urusi dai Silesia na Prussia zisikanyagwe, na J Moscow liende kusini. Kwa Uingereza dai msaada wa kuingia Ubelgiji. Toa jibu Vuli, baada ya kuona amri za Machipuko.

Kijana_wa_Kiel

Hapo Ubelgiji ndipo ninapokwama. Kila mara wawili tunagongana na inabaki tupu hadi 1902.

Mchora_Ramani

Kwa sababu mnakwenda mmoja mmoja. Ubelgiji inaguswa na Uholanzi, Ruhr, Burgundy, Picardy, Mlango wa Uingereza na Bahari ya Kaskazini. Mataifa matatu yanaifikia, kwa hiyo huingia mwenye nguvu 2.

Ufaransa anaweza kuipata peke yake: J Paris–Picardy na J Marseilles–Burgundy Machipuko, kisha mmoja anaingia na mwingine anasaidia. Manowari ya Brest inapitia Atlantiki ya Kati na kuchukua Ureno au Hispania. Anapata viwili, na kimoja cha Iberia kinasubiri mwaka unaofuata, hakuna atakayekiiba mapema isipokuwa Italia ameamua kuja magharibi.

Ujerumani mwenye mpango wa vituo vitatu anafanya hivi: Machipuko J Berlin–Kiel, M Kiel–Denmark, J Munich–Ruhr. Vuli J Kiel–Uholanzi, M Denmark inabaki au inamzuia Urusi, J Ruhr–Ubelgiji. Lakini J Kiel inahama, haiwezi kusaidia wakati inahama. Msaada wa pili utoke Bahari ya Kaskazini, yaani kwa Uingereza.

Na je, Uingereza ana manowari ya kukupa? Hilo linategemea aliliweka wapi J Liverpool. Akilipeleka Edinburgh, na M Edinburgh imekwenda Bahari ya Norway, basi Vuli M Bahari ya Norway inavusha J Edinburgh–Norway, na M Bahari ya Kaskazini iko huru kukusaidia Ubelgiji. Akilipeleka Yorkshire, jeshi hilo linavushwa na Bahari ya Kaskazini tu, hivyo akitaka kulipeleka Norway hana cha kukupa. Ukiona Yorkshire, usitegemee Ubelgiji kutoka kwake hata akiapa.

Ila usimlaumu. Yorkshire inagusa London, Edinburgh haigusi. Uingereza anayehofia kwamba M Brest itaingia Mlango wa Uingereza lazima awe na jeshi la kurudi London. Kwa hiyo uchaguzi wa Edinburgh au Yorkshire unapima alivyokubaliana na Ufaransa kuhusu Mlango. Ujerumani akitaka Ubelgiji, afanye kazi ya kuwapatanisha hao wawili Machipuko. Watu hawafikirii hivyo, wanaona amani ya majirani ni hatari kwao. Mwaka wa kwanza amani ile inakulipa kituo.

Na Munich. Ukihamisha J Munich kwenda Ruhr na Ufaransa amejihakikishia Burgundy kwa J Paris–Burgundy ikisaidiwa na Marseilles, Vuli usithubutu Ubelgiji. Rudi Munich. Vituo viwili na nyumba salama.

Nahodha_Ionia

Swali la lini kumgeuka mwenzako halijaguswa.

Bi_Shamsa

Linahitaji hesabu. Vituo vinahesabiwa baada ya Vuli tu. Kwa hiyo Machipuko ni ya kujiweka mahali, Vuli ni ya kuchukua. Ukimshambulia Machipuko unampa Vuli nzima ya kujibu. Ukimshambulia Vuli, kinachofuata ni yeye kupunguza vikosi na wewe kujenga.

Kituo kimoja hakitoshi. Ukichukua viwili vyake, wewe unaongeza viwili na yeye anapungua viwili, tofauti kati yenu imesogea nne kwa msimu mmoja. Hapo hawezi kulipiza haraka. Kwa kimoja, umejitengenezea adui mwenye nguvu karibu zile zile na mwenye sababu ya kukumaliza.

Halafu hesabu vituo vya nyumbani vilivyo tupu. Unajenga kwenye kituo chako cha nyumbani kisicho na mtu, basi. Mtu anachukua vitatu Vuli huku Berlin na Munich zimekaliwa na majeshi yake mwenyewe, Baridi anajenga kimoja. Vingine viwili vinasubiri mwaka mzima, na mwaka huo ndio aliyegeukwa anautumia.

Mwisho, fikiria 18. Ramani imegawanyika sawasawa. Kaskazini magharibi kuna Uingereza 3, Ufaransa 3, Ujerumani 3, Skandinavia 3, Uholanzi na Ubelgiji 2, Iberia 2, na St Petersburg: 17. Kusini mashariki kuna Austria 3, Italia 3, Uturuki 3, Balkani 4, Tunis, na vituo vitatu vya Urusi vilivyobaki: 17. Ukimaliza upande wako wote umebakiza kimoja, na wapinzani waliobaki wakijipanga kwenye mpaka huo hutapita tena. Kwa hiyo anayetaka kushinda anavuka mapema. Ufaransa aipate Tunis wakati Italia yuko mashariki. Uingereza asiishie St Petersburg, jeshi liendelee hadi Moscow. Uturuki apitishe manowari hadi Atlantiki ya Kati kabla Ufaransa na Uingereza hawajagundua kwamba wanahitajiana. Munich ni lango la pande zote mbili, na mara nyingi mshirika mzuri wa mwisho ni yule anayekuachia Munich bila kujua ina thamani gani.

MwanaMeza

Nishushe makosa ya uandishi wa amri, maana yanavunja miungano bila mtu kukusudia, na mwenzako hataamini kwamba ulikosea.

M St Petersburg inaanza pwani ya kusini. Haiwezi kwenda Norway. Bulgaria na Hispania nazo zina pwani mbili, andika ipi. M Ankara haiwezi kwenda Smyrna, pwani zake hazishikani, ingawa jeshi linapita.

Kikosi kinasaidia tu pale ambapo chenyewe kingeweza kwenda. M Trieste haiwezi kusaidia kitu Serbia, Serbia haina bahari. Kosa hili naliona kwa Austria kila mara.

Msaada lazima ulingane na amri yenyewe. Ukiandika "J Marseilles inasaidia J Paris–Burgundy" na Paris akaenda Picardy, msaada umepotea. Ukisaidia kikosi kibaki, nacho kikaamriwa kuhama, umepotea vilevile. Ndiyo maana washirika wabadilishane amri neno kwa neno.

Manowari inavusha ikiwa baharini. Ikiwa Constantinople au Kiel haivushi kitu. Manowari moja, jeshi moja kwa msimu. Na amri ziandikwe mbili: jeshi "Apulia–Tunis", manowari "inavusha Apulia–Tunis". Ikikosekana moja, hakuna kinachosogea.

Kijana_wa_Kiel

Swali la mwisho. Mtandaoni, kwa mfano webDiplomacy, muda ukiwa mfupi dakika tano kwa msimu, nianze kwa nani?

Nahodha_Ionia

Anza na jirani ambaye asipokujibu utaharibikiwa msimu huohuo. Austria amwandikie Italia, kisha Urusi. Ujerumani amwandikie Ufaransa kuhusu Burgundy, Uingereza baadaye kidogo. Italia amwandikie Austria. Ujumbe wa kwanza uwe na eneo moja na swali moja: "Burgundy isikanyagwe Machipuko, unakubali?" Hilo linajibika kwa neno moja.

Mfumo wa akili bandia wa Cicero wa kampuni ya Meta ulicheza michezo 40 hapo hapo webDiplomacy kwa muda wa dakika tano, ukaingia katika asilimia 10 ya juu ya wachezaji waliocheza zaidi ya mchezo mmoja, na matokeo yakachapishwa Novemba 2022. Kilichonivutia ni jinsi ulivyoundwa: kwanza unapanga amri zake na zile unazotarajia kwa mwenzake, kisha ndipo unaandika ujumbe unaofuata mpango huo. Fanyeni vivyo hivyo. Amri kwanza kwenye karatasi, maneno baadaye.

Na asiyejibu kabisa mchukulie kama atakushambulia. Ujerumani ambaye hajapata jibu la Ufaransa aandike J Munich–Burgundy. Ufaransa akienda bila msaada mnagongana na Munich iko salama. Akienda kwa msaada wa Marseilles utashindwa kuingia, ila unabaki Munich na umeshajua anakokwenda. Na asipokwenda kabisa umeingia Burgundy, unagusa Paris, Marseilles na Ubelgiji, na hapo atajibu ujumbe.